Mwalimu Wetu na Profesa wa Kwenye Simu

Kama kuna mtu aliyenizeesha kabla ya wakati wangu, ni Mwalimu. Baba yangu alifanya kazi kiwandani maisha yake yote na kurudi nyumbani akinuka chai na hasira, lakini hakuniweza. Mwalimu aliniweza. Alinifundisha kemia na biolojia katika shule ya upili, akastaafu, kisha akaamua kwamba kazi aliyobakiza duniani ni kufika kwenye saiba yangu pale Merigi kila asubuhi nikifungua mlango, na kuniuliza kwa nini simu yake haimtii.

Saiba yenyewe ni chumba kimoja chenye kompyuta nne, mashine ya kuchapisha na benchi moja. Watu huja kuomba vyeti vya serikali mtandaoni, kusajili watoto wa shule, kurekebishiwa simu zilizoanguka kwenye ndoo za maziwa. Benchi nililinunua kwa ajili ya wateja. Mwalimu alilifanya lake. Aliweka kofia upande mmoja na mwavuli upande wa pili, na mteja aliyetaka kukaa aliomba ruhusa kwake, si kwangu. Mimi aliniita chepto, yaani msichana, hata nilipovuka miaka arobaini na kuanza kuvaa miwani.

Habari za ukoo wake na kijiji alichozaliwa wanazo wenyewe. Mimi nina za darasani na za benchini, na hizo zinatosha kumchosha mtu.

Darasani alikuwa na swali moja lililotutoa jasho miaka minne: "Umeona, au umeambiwa?" Ukisema jani la chai hubadilika rangi likisagwa kwa sababu ya hewa, alikuuliza. Ukisema moyo uko upande wa kushoto, alikuuliza. Siku moja mwenzetu alisema mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, hayaozi kwa sababu ya mkaa unaosuguliwa ndani. Nani kasema? Nyanya yake. Mwalimu akamwambia kwamba nyanya yake bila shaka ni mtu mzuri, lakini si karatasi ya litmasi. Kesho yake akaja na vibuyu viwili, kimoja kimesuguliwa mkaa na kingine hakikuguswa, akavijaza maziwa. Kwa majuma mawili maabara yetu ilinuka hadi mwalimu mkuu akaja kuuliza ni nani amefia humo. Kile kibuyu kisicho na mkaa hatukuweza hata kukikaribia. Mwalimu akamgeukia mwenzetu na kumwambia kwamba nyanya yake alikuwa sawa tangu mwanzo, ila jana yeye alikuwa anaamini tu, na leo anajua.

Nilimpenda kwa hilo, na sioni haya kulisema. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi kwenye chai, na walikuwepo walimu walioniita "yule wa ziwani" mpaka namaliza kidato cha nne. Mwalimu hakuwahi. Kwake kulikuwa na makabila mawili tu, walioona na walioambiwa, na ukitaka kuhama kutoka hili hadi lile ulihitaji daftari na kalamu.

Sasa mchukue mtu huyo, mpe simu ya kisasa, uone.

Simu aliletewa na binti yake aliye ng'ambo. Tangu siku aliyoiwasha, shaka zote alizotufundisha zikamtoka. Kila kilichoingia kwenye simu ile kilikuwa kweli. Alikuwa kwenye grupu moja la wazee wastaafu, watu wenye digrii na fimbo, ambao kazi yao ilikuwa kusambaziana uongo kuanzia alfajiri. Kitunguu kinachaji betri. Maji ya moto yenye limau yanayeyusha mawe ya figo, presha na madeni. Programu ya simu ikijisasisha, hapo ndipo wanaotusikiliza huingia. Kwa sababu ya hilo la mwisho alikataa masasisho yote kwa miaka mitatu, hadi simu ikawa na matundu ya usalama kama gunia la majani. Nilimweleza kwamba masasisho ndiyo yanayoziba matundu. Akaniambia kwa upole kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Mwalimu wa sayansi huyo.

Kuna siku binti yake alinipigia kutoka huko aliko, analia. Baba hapatikani tangu asubuhi, pengine ameanguka, tafadhali niende. Nikafunga saiba, nikapanda boda hadi kwake. Nilimkuta amekaa mlangoni anakunywa chai, ana amani kabisa. Simu ilikuwa jikoni ndani ya sufuria, kifuniko juu, na juu ya kifuniko jiwe.

"Kuna miale ya anga inapita leo," akaniambia. "Hata ya kwako ungezima."

Nilimuuliza miale hiyo ameiona au ameambiwa. Akasema miale haionekani, na kwamba nilipaswa kukumbuka hilo kutoka kidato cha tatu.

Usalama aliujali sana, ila kwa njia zake. Akitaka kuingiza namba ya siri mbele ya watu, alivua kofia na kuifunika simu ili mtu yeyote asichungulie. Kisha akazibonyeza namba moja moja huku akizitaja kwa ile sauti yake ya darasani, sauti iliyofika hadi dawati la nyuma. Benchi zima lilizijua. Mama anayechoma mahindi nje alizijua. Nilimwomba azibadilishe, akazibadilisha papo hapo, kofia juu ya simu, na kutangaza mpya.

Na alisahau. Alikuja asubuhi tukafungua barua pepe yake, akarudi saa nne tukaifungua tena, akarudi saa nane kana kwamba siku ndiyo kwanza inaanza. Nilimfokea, tena si mara moja. Nilimwambia mimi si mtumishi wake, kwamba mtu aliyetulazimisha kukariri jedwali zima la elementi hawezi kushindwa na maneno mawili. Alitabasamu tu na kuniambia nina hasira kama ya baba yangu. Nilidhani ananikejeli.

Mwishowe nikamshawishi tuhifadhi nakala za picha zake na maandishi yake mahali pengine, ili simu ikipotea asipoteze kila kitu. Hapo macho yake yakawaka. Akawageukia wote waliokuwa benchini na kuanza kufundisha. Kumbe watu wa kompyuta wameligundua hilo leo! Wazee wa Kipsigis hawakuwahi kuweka ng'ombe wote boma moja. Mtu alimpelekea rafiki yake wa mbali ng'ombe mmoja, rafiki akamtunza na kunywa maziwa yake, lakini ng'ombe na ndama wake wakabaki mali ya mwenyewe. Tauni ikiingia kwako, au wezi, hukosi mbegu. Desturi hiyo inaitwa kimanagan, na walikuwa nayo, alisema, kabla stima haijafika Kericho.

Nilifurahi. Nilidhani hatimaye ameelewa. Alikuwa ameelewa kupita kiasi.

Majuma mawili baadaye simu ilidai nywila ya barua pepe, nami nikamwomba aitaje. Akasema hanayo yote. Alikuwa ameikata vipande vitatu, na kila kipande amekipeleka kwa rafiki kama ng'ombe wa kutunzwa. Kipande cha kwanza kilikuwa kwa mchukuzi wa maziwa. Cha pili kwa mama anayeuza chapati kando ya kituo cha kupimia majani ya chai. Cha tatu kwa mzee mmoja wa kanisa. Kila mmoja alikuwa ameapishwa asimwambie mtu. Mchukuzi wa maziwa alinipa chake bila taabu kwa sababu alikuwa amekiandika kwenye mtungi. Mama wa chapati alikataa katakata mpaka asikie sauti ya Mwalimu mwenyewe, kisha akanisomea "K kubwa, halafu ile alama inafanana na ngazi." Mzee wa kanisa alikuwa amesafiri Sigor kwenye matanga, na kipande chake kilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa nyumbani kwake, na mlango ulikuwa na kufuli. Nilikuwa na wateja sita wamesimama, kwa sababu benchi lilikuwa na kofia.

Mwalimu alinitazama nikihangaika na simu tatu, akaridhika sana.

"Unaona vile ni ngumu?" akasema. "Mwizi angekuwa amesharudi kwao."

Ningeendelea kuicheka desturi hiyo, ila siwezi, kwa sababu nyumbani kwetu kuna ng'ombe wake.

Mwaka baba alipotoka kiwandani na kununua kipande chetu cha ardhi, Mwalimu alikuja kwa miguu akivuta mtamba mwekundu kwa kamba. Akamwambia baba kwamba anamwekea. Majirani waliuliza ni lini ng'ombe alipelekwa kutunzwa kwa mtu wa ziwa ambaye kesho anaweza kufunga virago akarudi kwao. Mwalimu akawajibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa, kwamba baada ya leo hawezi kwenda popote. Baba, ambaye sijamwona akilia hata kwenye matanga ya mama yake, alienda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Yule mtamba tukamwita Mgeni. Alipozeeka, binti yake akarithi jina, na sasa tuko kwa mjukuu. Baba ameshalala chini ya mti wa parachichi, na mama yangu ndiye anayekamua. Kila Jumapili baada ya ibada Mwalimu alikuja kumwona Mgeni, akamshika midomo, akahesabu meno, akanywa chai, akaenda zake.

Kisha ukaja ugonjwa wa miguu na midomo.

Soko la mifugo likafungwa. Ng'ombe walianza kudondosha mate, ndimi zikachubuka, kwato zikafunguka, na ndama wakawa wanakufa kabla hata hujajua wanaumwa nini. Serikali ya kaunti ikatangaza chanjo kwa kila wadi. Daktari wa mifugo wa kwetu, mtu mpole ambaye humwomba radhi hata ng'ombe kabla ya kumdunga, akaanza kuzunguka vijijini na sanduku lake la barafu.

Na kabla hajafika kwetu, kwenye lile grupu la wazee ikaingia video ya profesa.

Profesa alikuwa na koti jeupe, miwani, na nywele za mvi zilizochanwa vizuri. Nyuma yake chupa za maabara. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko cha wabunge wetu, akasema chanjo ile ina kitu kinachofunga kizazi cha ng'ombe, kwamba ndani ya miaka mitatu hapatakuwa na ndama katika nchi yote, na kwamba yeye amefukuzwa kazi kwa kusema ukweli. Mwalimu aliniletea simu. Mgeni alikuwa na mimba ya miezi sita. Akasema hakuna sindano itakayomgusa.

Nilifanya kila nililoweza. Nililitafuta jina la profesa kwenye orodha ya kile chuo alichokitaja, hayupo. Mwalimu akasema ndiyo, si wamemfuta? Nikamwonyesha kwamba kalamu iliyo mfukoni mwake inapotea akigeuka na kurudi akitazama mbele, jambo linaloonyesha video imetengenezwa na kompyuta. Akaitazama mara tatu, akasema labda aliitoa. Nikamweleza kwamba siku hizi kuna programu za akili unde zinazoweza kuunda mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, zikampa uso, sauti na koti. Kila ushahidi niliomletea aliumeza, ukawa ushahidi wa upande wake.

Nikachoka. Nikatumia silaha ya mwisho, nikamuuliza swali lake mwenyewe. Mwalimu, hii umeona au umeambiwa?

Akaniangalia kama mwanafunzi aliyefeli.

"Nimeona," akasema, akainua simu mbele ya uso wangu. "Si huyu hapa anaongea? Kwani wewe humwoni?"

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba swali lile alilotujengea maisha yote lilikuwa limevunjika, na hakuna aliyemjulisha.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwita daktari tu, nikamchanja Mgeni siku ya kawaida Mwalimu akiwa kwake. Mwulize mama yangu. Daktari alikuwa tayari amesema hachanji kwa nguvu, mwenye ng'ombe akikataa ni basi. Mimi nikamwambia mama kwamba mwenye ng'ombe ni sisi, tumewatunza vizazi vitatu. Mama aliweka ndoo ya maziwa chini.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, neno la kwao analolitumia akiwa hana mchezo, "baba yako alipewa huyu ng'ombe kwa mdomo, hakuna karatasi. Ukimdunga kwa siri, hiyo ni wizi, na umeibia mtu alituweka hapa. Enda muongee mpaka akubali."

Tukaongea. Tukaongea hadi ugonjwa ukafika boma la Mwalimu mwenyewe. Ng'ombe wake wawili wa nyumbani wakalazwa na vidonda, maziwa yakakatika, na ndama aliyezaliwa mwezi huo akafa. Nilidhani hapo atalegea. Alikuja saiba akasema ng'ombe wa jirani waliochanjwa ndio waliowapumulia wa kwake. Ni profesa aliyekuwa ameeleza hilo, katika video ya pili.

Hapo ndipo nilipokosa adabu. Mbele ya wateja wote nilimwambia kwamba si jirani, si upepo, ni yeye aliyemwua ndama wake, na kwamba afadhali angebaki na chaki. Mwalimu alichukua kofia, akachukua mwavuli, akatoka. Kwa siku nne benchi lilikuwa tupu, nami nilijiambia napumzika, na sikupumzika hata kidogo.

Siku ya tano akarudi. Akanisalimu "Chamgei, chepto" kama siku zote, akaweka kofia, akauliza kuhusu barua pepe. Kisha nikamsikia akimsimulia mteja mmoja kwamba ng'ombe wake amezaa, na ndama ananyonya vizuri sana. Niligeuka kwenye kompyuta nikauma meno. Niliona ni kiburi cha mzee asiyetaka kukubali kosa, anayedanganya watu ili asionekane alikosea kukataa sindano. Nilikasirika upya. Na katika hasira hiyo ndipo nilipopata wazo langu la busara.

Nikasema nitamfundisha kwa njia yake, kwa jaribio. Alikuwa na tabia ya kunitumia ujumbe mrefu wa sauti karibu kila siku, kuhusu mvua, kuhusu mbolea, kuhusu utovu wa nidhamu wa waziri fulani. Sauti yake nilikuwa nayo tele. Picha nilikuwa nayo, niliyompiga amesimama katikati ya chai yake, kofia mkononi. Niliweka kazi kando mchana mmoja, nikaipa programu picha na sauti, nikaandika maneno. Kabla kikombe cha chai hakijapoa, Mwalimu alikuwa anapepesa macho kwenye kioo na kusema hivi: "Mimi hii chanjo nimeichunguza mwenyewe. Nimesoma karatasi yake yote. Haina ubaya. Chanjeni ng'ombe zenu, na ya kwangu pia chanjeni."

Niliirudia mara mbili. Hata ile pumzi anayovuta kabla ya neno zito ilikuwepo. Lakini mpango wangu ulikuwa safi, au hivyo nilijiambia. Nitamwonyesha, ataruka, atasema huyo si yeye, hajawahi kusema maneno hayo. Nami nitamwambia: ndiyo, Mwalimu, na yule profesa pia hajawahi. Somo limekwisha, chukueni madaftari.

Siku ya mwisho ya chanjo katika wadi yetu, daktari aliweka kituo kwenye krashi ya kijiji, ule uchochoro wa mbao wa kubania ng'ombe, chini kidogo ya nyumba yetu. Ilikuwa asubuhi ya jua baada ya mvua kubwa, chai inameta. Mama alimleta Mgeni kwa kamba na kusimama naye kando, bila kumwingiza. Alikuwa ametuma mtu amwite Mwalimu, aje aseme ndiyo au hapana kwa mdomo wake mbele ya daktari. Mwalimu akaja, amevaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Daktari akamsalimu kwa mikono miwili; naye alikuwa mwanafunzi wake.

Nikamvuta Mwalimu kando, nikamwambia kuna kitu nataka akione. Nikampa simu yangu.

Akaitazama hadi mwisho. Akabonyeza, akaitazama tena. Nilikuwa nimeshashika sentensi yangu kwenye ncha ya ulimi.

"Hii nilisema lini?" akauliza.

Nilidhani ananitega.

"Hapa ni kwangu, naona. Hii ni chai ile ya karibu na mto." Aliisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. "Na hiyo ni sauti yangu. Lakini hiyo siku imenipotea kabisa."

Akageuka kuangalia watu kwenye krashi, akaona wako mbali, akateremsha sauti.

"Chepto, kuna vitu zinanitoka. Sijaambia mtu, hata yule msichana wangu wa ng'ambo. Asubuhi naamka naenda kufungulia ndama, nafika nakuta ni kamba peke yake. Halafu nakumbuka alikufa. Kesho naenda tena."

Zile siku zote za nywila, saa mbili, saa nne, saa nane. Zile hasira zangu zote. Mtu huyu hakuwa mkaidi, angalau si kwa yote. Alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi kwa sababu kwangu ndiko alikokumbuka njia, nami nilimfokea kila alipofika. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mwalimu, hii ni uongo, nimeitengeneza mimi. Maneno yalikuwa machache kuliko yale niliyoyaandikia programu. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anajitazama kwenye simu kama mtu aliyepata barua aliyojiandikia zamani.

"Umefanya vizuri kunishika hapa kabla haijapotea," akasema. "Yule profesa nilikuwa namwamini sana. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nishapima nikaona ni sawa."

Kisha akanyoosha mgongo, akaita kwa ile sauti iliyofika dawati la nyuma: "Daktari, dunga yeye. Mimi nilishasema."

Mama alinitazama, uso umejaa shukrani. Alidhani nimefanya kama alivyoniagiza, nimeongea naye mpaka akakubali. Sikuweza kumtazama. Alimwingiza Mgeni kwenye krashi, daktari akamshika shingo, akambembeleza, akamdunga. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Nilichokuwa nimekitaka kwa miezi miwili kilikuwa kimefanyika, na ng'ombe wa mwisho mzima wa Mwalimu alikuwa salama pamoja na aliyemo tumboni, na mwenye ng'ombe alikuwa ametoa ruhusa kwa mdomo wake mbele ya mashahidi. Ruhusa hiyo nilikuwa nimeitunga mimi. Kama kuna mtu aliyemdanganya Mwalimu kuliko yule profesa, ni mimi, kwa sababu profesa hakumjua.

Nikarudi alipokuwa amesimama. Bado alikuwa na simu yangu. Alikuwa ameirudisha mwanzo, na midomo yake ilikuwa ikifuata maneno taratibu, akijifunza kwa moyo yale aliyoyasema. Alipofika mwisho alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama nikiwa mwanafunzi, macho ya mtu anayeomba.

"Ziko zingine?" akauliza. "Zenye nimeongea vizuri hivi?"

"Ziko, Mwalimu," nikasema. "Nitakutafutia."

Akanishukuru. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, akavua koti lake la Jumapili, akalitandika kwenye nyasi mbichi, akaketi, akasema hana haraka, atangoja.